MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

 Wanaojua kusoma wawasomee wenzao, kwa maana maneno haya ni ya wote.

Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema juu ya mishahara, juu ya makapita wanaopunguza siku za watu, juu ya ajali za kazini. Safari hii tunataka kusema juu ya karatasi. Tunajua yupo ndugu atakayesema, "Karatasi haiivi sufuriani." Ni kweli, haiivi. Lakini siku mshahara unapogombaniwa, siku shamba linapodaiwa, siku pensheni inapoombwa, hakuna anayeulizwa ametoka jasho kiasi gani. Anaulizwa: karatasi iko wapi?

Sisi tunaozunguka mashambani toka Minago mpaka Rumonge tumewasindikiza wazee wengi kwenye meza za maofisi. Mmoja wao alikata ngazi miaka zaidi ya ishirini katika shamba la tajiri ambaye hatutamtaja. Tajiri akauza shamba, na aliyenunua akasema kwamba yeye hamjui mzee huyu. Mzee akanyoosha mikono yake yenye makovu ya miiba. Karani hakuwa mtu mbaya, alimwonea huruma, lakini mikono haipigwi muhuri. Mzee akarudi nyumbani mikono mitupu na nauli imekwisha.

Hilo ndilo jambo letu. Tunasema hivi: mfanyakazi asiyetunza karatasi zake mwenyewe atasimuliwa maisha yake na mwajiri, na atasimuliwa vibaya. Na chama kisichotunza karatasi zake kitaanza kazi upya kila baada ya miaka kumi, kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

KARATASI YA BWANA

Mabwana wamejua thamani ya karatasi tangu zamani. Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kazi alilazimishwa kubeba kipande. Ilikuwa karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake liliandikwa jina la mwajiri, mshahara, na siku ya kuanza na ya kuacha kazi. Bwana akikataa kutia saini siku ya kuachana, mtu hakuweza kupata kazi mahali pengine. Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30, na siku isiyopigwa alama haikulipwa. Wazee wetu wa Urundi waliovuka kwenda kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Basi tusidanganyike kwamba karatasi ni mambo ya wasomi. Karatasi imetutawala sisi tusiosoma kuliko ilivyowatawala wasomi.

Na bwana alipoondoka, aliondoka na karatasi zake. Waingereza walipokaribia kutoa uhuru katika makoloni yao, majalada mengine waliyachoma na mengine wakayapeleka kwao. Wazee watano wa Kenya walipofungua kesi London mwaka 2009 kwa mateso waliyopata wakati wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ikapinga. Halafu mwaka 2011 ikajulikana kwamba maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa mahali panapoitwa Hanslope Park, na ya Kenya yakiwemo. Ndani yake wakubwa wa kikoloni wenyewe walikuwa wameandika yaliyotendeka kambini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ile ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Angalieni vizuri, ndugu. Wazee wale walikuwa wamesema ukweli miaka yote hiyo, na makovu walikuwa nayo. Kilichosaidia kuwafungua midomo wakubwa ni karatasi.

Na sisi wa Burundi? Mwaka 1957 Louis Rwagasore, mwana wa Mwami, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wadogo, na Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Serikali ya Kibelgiji haikuupenda ushirika ule. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule aliuawa kwa risasi. Miaka sitini baadaye, mwaka 2021, Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu juu ya mauaji yale, na ilimbidi achimbe katika hifadhi za nyaraka za Ubelgiji. Tunamshukuru kwa kazi yake. Lakini tujiulize: je, kadi za wanachama wa ushirika ule, risiti zao na madaftari ya mikutano yao, ziko mikononi mwa nani leo? Habari za wakubwa zinasomwa Brussels. Habari za mwenye duka dogo aliyetoa faranga zake apate kuwa huru zinasomwa wapi?

MTU ALIYETUNZA

Ndugu, wapo wafanyakazi waliotunza, na faida yake inaonekana. Tuwape habari ya Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913 akafika Kenya mwaka 1927. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake mjini Nairobi, kwa hiyo alijua karatasi kama mvuvi anavyojua wavu. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Akakigeuza kiwe cha watu wa rangi zote, na matangazo yake yakatolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, ili kila mfanyakazi aelewe. Mwaka 1937 wanachama waligoma Nairobi siku 62, wakapata nyongeza ya mshahara na siku ya kazi ya saa nane.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama mbalimbali kuwa baraza moja la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Serikali ikakataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Makhan Singh akawekwa kizuizini sehemu za kaskazini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi, bila kosa la jinai.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo kikubwa. Lakini alikuwa na karatasi: maazimio, barua, matangazo ya mgomo, kumbukumbu za mikutano. Mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka mwaka 1952, akaandika tarehe, majina ya vyama na madai yaliyotolewa. Alifariki mwaka 1973. Kitabu cha pili kikatoka mwaka 1980, yeye akiwa kaburini. Nyaraka zake zipo Chuo Kikuu cha Nairobi, na mpaka leo watu wanaandika vitabu kutokana nazo. Mtu anayetaka kusema kwamba wafanyakazi wa Kenya walipewa haki zao na wakubwa kwa hisani, atakutana na karatasi hizo njiani.

Linganisheni na mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947. Wafanyakazi wapata 15,000 walisimamisha bandari, reli, mahoteli na nyumba za mabwana kwa siku kumi na mbili. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa mwaka ule ule akahamishiwa mbali kwa muda wa miaka kumi. Mgomo ule ulikuwa na nguvu kuliko wa 1937. Lakini mengi yaliyoandikwa juu yake yametegemea ripoti za serikali na za baraza la upatanishi, yaani maneno ya upande wa meza. Mchukuzi wa magunia anaonekana pale akiwa anajibu maswali ya jaji. Hayo ndiyo matokeo ya karatasi kubaki upande mmoja.

DARASA NYUMA YA DUKA

Kuna habari nyingine inayotufaa zaidi sisi wa ziwani. Inatoka Marekani, katika visiwa vya pwani ya South Carolina, ambako watu weusi waliishi kwa kilimo na uvuvi, na wengine walivuka kila siku kwenda kufanya kazi mjini Charleston.

Katika jimbo lile, mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha apige kura alipewa kipande cha katiba akisome mbele ya karani. Akishindwa, hana kura. Katika Johns Island alikuwepo mwenye basi, Esau Jenkins, aliyewapeleka wafanyakazi mjini alfajiri. Abiria mmoja, mama aitwaye Alice Wine, alimwomba amfundishe ile katiba. Jenkins akamfundisha ndani ya basi. Lakini basi halitoshi kuwa shule.

Jenkins akaenda Highlander, shule ya watu wazima katika milima ya Tennessee. Shule ile ilianzishwa mwaka 1932, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hapo ndipo Rosa Parks alipohudhuria mafunzo mwaka 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi huko Montgomery. Highlander wakawakopesha watu wa Johns Island fedha, wakanunua jengo. Mbele wakafungua duka la ushirika. Nyuma ya duka, mahali ambapo wakubwa hawakupatilia shaka, wakafungua darasa. Usiku wa tarehe 7 Januari 1957 darasa lilianza na watu 14.

Mwalimu hakuwa mwalimu. Alikuwa Bernice Robinson, msusi wa nywele. Septima Clark, mwalimu wa miaka mingi aliyekuwa akiongoza mafunzo ya Highlander, alimchagua kwa sababu hiyo hiyo: hatawadharau wazee. Robinson hakutegemea vitabu vya watoto. Aliwauliza wanataka kusoma nini. Wakasema: tunataka kuandika majina yetu, kujaza fomu ya kutuma fedha, kusoma barua za watoto wetu, kusoma katiba. Basi karatasi hizo ndizo zikawa kitabu cha darasa. Walisoma usiku, miezi ya baridi, wakati kazi za shamba zimepungua. Karibu wote wa darasa lile la kwanza wakapata kujiandikisha. Visiwa vingine vikaomba madarasa. Mwaka 1961 kazi hiyo ikachukuliwa na umoja ulioongozwa na Martin Luther King, ikaenea majimbo ya kusini. Mwaka 1965 sheria ya kupiga kura ikapitishwa, na ule mtihani wa kusoma ukavunjwa.

Kwa nini tunayajua haya mpaka usiku lilipoanza darasa? Kwa sababu yalitunzwa. Barua, ripoti za madarasa, vitabu vya mafundisho na sauti zilizonaswa zipo. Karatasi za Septima Clark, za Bernice Robinson na za Esau Jenkins zipo katika hifadhi ya Avery mjini Charleston, hatua chache kutoka visiwa vyao. Msusi na dereva wa basi wamewekwa kabatini kama wafalme wanavyowekwa.

Na kuna la kujifunza zaidi. Jimbo la Tennessee liliifunga Highlander na kuchukua mali yake mwaka 1961. Ikafunguliwa upya mahali pengine. Tarehe 29 Machi 2019 moto ukateketeza jengo la ofisi yake pamoja na nyaraka za miaka mingi, na karibu na majivu ikaonekana alama ya wabaguzi. Lakini nyaraka nyingi za zamani zilikuwa zimekwisha pelekwa kutunzwa katika jimbo la Wisconsin, mbali sana na moto ule. Hivyo shule iliungua, lakini historia yake haikuungua yote. Aliye na sanduku moja mahali pamoja hana sanduku, ana bahati tu.

"ORODHA INAWEZA KUUA"

Sasa tuwajibu wazee. Tulipoanza kusema jambo hili, mzee mmoja alituambia, "Wanangu, nyinyi hamkuona. Orodha inaweza kuua." Hakusema uongo, na hatutaki mtu yeyote amcheke.

Mambo yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972 yalianza huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Watu wengi waliuawa na waasi, na mauaji ya serikali yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyakazi, watu waliojua kusoma. Majina yaliandikwa katika orodha, mengine yakasomwa redioni. Kabla ya hapo, Januari 1962, huko Kamenge, viongozi wa sendika za Kikristo walikuwa miongoni mwa waliouawa. Kisha kuanzia mwaka 1967 kikawa chama kimoja tu cha wafanyakazi chini ya chama tawala, mpaka miaka ya 1990 ilipofungua mlango wa vyama vingi. Mtu aliyepita katika mambo hayo, akiona kalamu na jina lake, lazima moyo umruke.

Lakini tutazame upande wa pili wa mwaka 1972. Waliokimbilia Tanzania na Kongo waliacha mashamba yao ya kando ya ziwa. Waliporudi baada ya miaka thelathini na zaidi, walikuta wengine wamekaa, michikichi ya wengine imekomaa, na wengi wa waliokaa waliwekwa na serikali na hawana kosa. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine. Hapa Rumonge kesi zilikuwa nyingi. Ndugu waligombana mpaka mbele ya makaburi ya baba zao, kwa kuwa huyu alisema neno na yule alisema neno, na karatasi hakuna. Orodha inaweza kuua, ndiyo. Na kukosa karatasi kunaweza kumfukuza mtu juu ya udongo wa babake. Tukiogopa moja tusisahau nyingine.

Jibu si kuacha kuandika. Jibu ni kujua karatasi ipi iwe wazi na ipi ifichwe. Watu weusi wa Marekani walikutana na hatari hiyo hiyo. Mwaka 1956 Septima Clark alifukuzwa ualimu kwa sababu hakukubali kuficha kwamba ni mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Jimbo la Alabama nalo likataka chama hicho kilete orodha ya wanachama wake wote. Chama kikatoa karatasi nyingine zilizotakiwa, lakini orodha ya majina kikaikatalia, kikatozwa faini ya dola 100,000. Kesi ikafika mahakama kuu ya nchi, na mwaka 1958 mahakama ikasema chama kina haki ya kutotoa majina. Mnaona, ndugu? Waliandika, walitunza, na walilinda. Mambo matatu yanakwenda pamoja.

TUFANYE NINI HAPA MINAGO

Sisi wa sehemu ya Minago tunatoa mashauri haya, na tunaomba sehemu nyingine ziyajadili.

Kwanza, kila mfanyakazi awe na mfuko wake wa karatasi: kontra, karatasi za mshahara, kadi ya INSS, barua yoyote ya kupandishwa au kuachishwa. Asiache ya pekee mkononi mwa kapita. Asiye na kontra, na hao ndio wengi, awe na kaye ndogo. Kila jioni aandike tarehe, kazi aliyofanya na alicholipwa, na kila mwisho wa mwezi mwenzake aweke sahihi au kidole. Kaye si mkataba, lakini ni afadhali kuliko mikono mitupu.

Pili, akina mama waandikwe. Mama anayeanika ndagala, anayekamua mawese, anayebeba samaki toka mtumbwini, hana kontra na mara nyingi jina lake haliko popote. Kazi isiyoandikwa huitwa msaada, na msaada haulipwi.

Tatu, kila sehemu iwe na daftari la mikutano. Si lazima Kifaransa kizuri. Andika tarehe, mahali, jambo lililoamuliwa, na aliyepewa kulifanya. Mkutano unaofuata uanze kwa kulisoma kwa sauti. Kiongozi aliyeahidi na hakufanya atajulikana hapo hapo, na hiyo ni faida ya kwanza ya daftari.

Nne, orodha ya majina ikae mbali na daftari la mikutano. Katika daftari la michango tutumie namba, na ufunguo wa namba ukae kwa watu wawili waaminifu waliochaguliwa na wanachama wenyewe. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja.

Tano, sanduku lisikae ufukweni. Maji ya ziwa yalipopanda kuanzia mwaka 2020, na tena mwaka 2024, nyumba za kando ya ziwa ziliingiliwa na watu wakatoka na watoto tu. Wale waliokuwa na bidhaa katika soko kuu la Bujumbura lililoungua Januari 2013 wanajua moto nao hausomi. Kwa hiyo nakala moja ikae juu mlimani na nyingine Bujumbura. Vijana wana simu: wapige picha kila ukurasa. Lakini simu hupotea na kuibiwa, basi picha isiwe sababu ya kutupa karatasi.

Sita, na hili ndilo kubwa, tufungue darasa. Wavuvi mnajua kwamba siku za mbalamwezi ndagala hawafuati taa, na mitumbwi hulala. Siku hizo ziwe za darasa, kwa wavuvi na kwa watu wa mashambani. Kitabu chetu kiwe karatasi zetu wenyewe. Tusome kontra neno kwa neno. Tusome karatasi ya mshahara tuone kilichokatwa. Tusome sheria ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2020, tuitafsiri polepole kwa Kirundi na Kiswahili. Na tusome amri ya mwaka 1988 iliyoweka kima cha chini cha mshahara: faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura, faranga 105 kwa huku mashambani. Zaidi ya miaka 30 baadaye vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado vinadai kiwango hicho kibadilishwe. Karatasi inayokunyonya hulala salama mradi wewe huisomi.

Saba, wazee wasikilizwe. Wapo waliofanya kazi tangu wakati wa Wabelgiji, wapo waliojenga vyama na kuviona vikivunjwa. Vijana wakae nao, waandike au wanase sauti zao, kwa idhini yao, na mzee aseme mwenyewe jina gani litajwe na gani lisitajwe. Mzee aliyetuambia orodha inaweza kuua, maneno yake hayo nayo yaandikwe.

Ndugu, hatuombi majengo wala mashine. Kaye moja, kalamu moja, sanduku moja na kufuli tatu. Makhan Singh alikuwa mchapaji, Bernice Robinson msusi, Esau Jenkins dereva wa basi. Hawakungoja mwanahistoria atoke chuoni. Waliandika wakiwa katikati ya kazi, wamechoka kama sisi tunavyochoka.

Mbalamwezi ijayo, kila mwanachama wa sehemu ya Minago aje mkutanoni na karatasi moja inayohusu kazi yake, hata ikiwa imechanika, hata ikiwa ni risiti. Tutaisoma pamoja, tutaiandika katika daftari, na mwenyewe ataondoka nayo. Asiye na karatasi aje vilevile. Tutamwandikia ya kwanza pale pale.

Umoja ni nguvu.